Mwenye Nyumba Aliyetuamuru Kupendana

Mwenye nyumba wetu tulimwita Baba Funguo, kwa sababu alikuwa na funguo za milango yote ya nyumba yake, na za milango iliyokwisha kung'olewa, na nyingine mbili ambazo hata yeye hakujua zinafungua nini lakini hakuthubutu kuzitupa. Zilining'inia kiunoni kwenye mkanda wa ngozi. Uzito wake ulikuwa umemkunja upande mmoja, na alipokuwa anakuja uani, mlio ulimtangulia kwa muda wa kutosha mtu kukunja mkeka, kuficha jiko, kufunga kanga vizuri na kutoka mlangoni anapiga miayo kama aliyeamka sasa hivi.

Yeye alikaa upande wa mbele: sebule, chumba, jiko lenye bomba lake mwenyewe, na bafu la vigae vya kijani vilivyoteleza hata mjusi akipita pale alipita ameshika ukuta. Sisi wapangaji tulikuwa nyuma, vyumba vinane vinatazamana, vinne huku na vinne kule, na katikati bomba moja. Chumba changu ni cha kwanza. Dirisha langu linatazama mlango wake wa uani uso kwa uso. Nimeona mengi kwa dirisha lile, na ambayo sikuyaona nimeyajazia.

Alikuwa mjane wa miaka sita, na mtoto wake ni mmoja tu, binti, anayefanya kazi ya kukagua lifti za maghorofa. Binti huyo kwake kila kitu duniani ni kitu kinachongoja kuanguka. Wanasema aliwahi kusimamisha lifti ya jengo zima kwa sababu ilipumua vibaya. Siku moja alikuja kumtembelea baba yake akamkuta na paja limevimba kama mkate.

"Nimejigonga kwenye mlango," akasema Baba Funguo.

Binti alikwenda bafuni, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye vigae, akarudi.

"Baba, ulikaa chini pale muda gani?"

"Kidogo tu."

"Kidogo ni muda gani?"

"Taarifa ya habari ilipita mara mbili."

Nilikuwa nyuma ya mlango nimeleta sahani yao, kwa hiyo hili sikulijazia.

"Kuna vyumba vinane vya watu hapo nyuma," binti akasema, "na hakuna hata mmoja aliyejua. Kwa nini hukuita?"

"Sikuwa nimevaa funguo."

Binti akainamisha kichwa, kama fundi akisikia nyaya zinakwaruza. Kisha akatoa hukumu. Alimpa miezi miwili. Angekuja siku atakayoichagua mwenyewe, bila taarifa, na akiona hakuna mtu wa kugundua kabla ya saa sita mchana kwamba mzee ameanguka, basi mzee anahamia kwake ghorofa ya saba, na nyumba anakabidhiwa dalali.

Baba Funguo alikuwa amewahi kulala ghorofa ya saba siku mbili. Kule viatu huvuliwa mlangoni, televisheni ni ya wajukuu, na dirishani hakuna kitu ila mapaa ya watu asiowajua. Hakuna hata mtu mmoja wa kumuuliza nani kaacha bomba wazi. Alirudi amekonda kwa kukosa wa kumgombeza. Na sisi dalali tulimjua. Nyumba ya mtaa wa pili alikabidhiwa mwezi mmoja, mwezi uliofuata ikawa ghala la masinki, na wapangaji wake hadi leo wametawanyika. Kwa hiyo mzee alipotangaza uani kwamba binti yake anataka kuona kama tunapendana, hakuna aliyecheka kwa sauti.

Sasa lazima niseme jambo moja ambalo Baba Funguo hakulijua, ingawa nyumba ni yake. Sisi tulikuwa tunajuana kwa ndoo.

Maji yalitoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu kasorobo, kisha bomba likakohoa na kulala. Hakuna mtu wa kusimama kwenye foleni muda wote huo, kwa hiyo ndoo zilisimama badala yetu. Kila mtu alizijua. Ya bluu ilikuwa ya fundi cherehani, tuliyemwita Mama Pindo, mwanamke mwenye ulimi ambao nadhani ungekata kitambaa mkasi ukipotea. Debe la rangi lilikuwa la mlinzi wa usiku wa benki, jitu refu linalolala mchana miguu imetoka nje ya mlango. Ile nyekundu yenye mfuniko ilikuwa ya maharusi. Wameoana miaka minne lakini bado tunawaita maharusi kwa sababu hawajamaliza kugombana na kupatana. Na ya fundi viatu ilikuwa imepasuka akaishona na kuibandika soli, ndoo pekee duniani iliyovaa kiatu.

Ikifika saa moja na ndoo ya mtu haipo kwenye mstari, anayefuata anakwenda kumgongea. "Ndoo yako iko wapi, nikupite au nikungoje?" Ni hilo tu. Wala si upendo, ni kutaka kujua zamu. Lakini kwa swali hilo tuliwahi kukamata homa mbili, uchungu wa uzazi mmoja, na mpangaji mmoja aliyehama kimyakimya akatuachia paka. Baba Funguo hakuwa na ndoo pale. Alikuwa na bomba lake jikoni. Alichokipata yeye kutoka kwenye foleni yetu kilikuwa kelele tu, akiwa kitandani: "Sogeza ndoo yako, nani kakwambia hapo ni pako," na Mama Pindo akijibu maneno ambayo sitayarudia. Akaamini tunachukiana.

Akaenda semina. Kulikuwa na semina ya wenye nyumba ya siku mbili, ukumbini, kwenye feni na soda. Alirudi na kofia, kalamu, na faili jekundu ambalo toka siku hiyo hakuliachia isipokuwa kwa kuoga. Akatukusanya uani.

"Kuanzia leo," akasema, "ninyi si wapangaji tena. Sisi sote ni jumuiya."

"Basi na kodi haipo," akasema Mama Pindo. "Kodi ni ya wapangaji."

"Kodi ipo. Itaitwa mchango wa umoja."

"Ah. Nilidhani kuna kilichobadilika."

Baba Funguo akafungua faili. Tulielezwa kwamba kuna Kamati ya Upendo. Mwenyekiti ni yeye, katibu ni yeye, sisi ni wanachama na hakuna kujitoa. Kisha tukaelezwa kwamba jumuiya nzuri huondoa vyanzo vya ugomvi, na yeye amefanya utafiti kwa masikio yake na kugundua chanzo ni bomba. Kwa hiyo foleni imefutwa. Kila chumba kina dakika ishirini zake, ratiba itabandikwa ukutani, na mtu yeyote akiwa bombani mwingine asionekane.

"Na tutakutana wapi?" akauliza fundi viatu. Huyu ni mtu mpole, anayeongea na misumari mdomoni, kwa hiyo hasemi zaidi ya lazima.

"Kwenye daftari," akasema Baba Funguo.

Alikuwa amelinunua, jipya, lenye picha ya twiga juu. Kila mwanachama atasalimia majirani watatu kwa siku na kuweka sahihi. Mimi kuandika sikufundishwa, kwa hiyo nilipewa wino nikawa naweka dole gumba. Ndani ya wiki moja dole langu lilikuwa limesalimia watu wengi kuliko mdomo wangu tangu nizaliwe.

Ukija nyumbani kwetu wakati ule ungesema umeingia peponi. Kimya. Mtu mmoja bombani, hana wa kusema naye, anajaza, anaondoka, anafunga mlango. Mama Pindo alipangiwa dakika ishirini za mwisho, wakati bomba linatoa kikohozi na makamasi. Mlinzi alipangiwa saa kumi na mbili na dakika ishirini, na yeye hutoka lindoni saa moja. Wiki ya tatu akawa ananuka mpaka mbwa wa benki walikataa kufanya naye kazi. Baba Funguo akikaa kwenye kigoda mlangoni pake, faili magotini, saa mkononi, anatabasamu. Alisema hajasikia neno baya tangu ratiba ianze. Alidhani ndio mapenzi.

Na jioni tulipanga foleni ya daftari. Maharusi, kwa kuwa walikuwa na haraka ya kwenda kugombana, wakaanza kutuwekea sahihi wote ukurasa mzima na kulirudisha. Hakuna aliyekataa.

Ndipo fundi viatu akaugua.

Homa ilimshika usiku, na asubuhi hakuweza kunyanyua kichwa. Dakika zake ishirini zilifika, zikapita, bomba likiwa halina mtu. Aliyefuata alitoka kwa wakati wake, akachota, akarudi. Angejuaje? Hakuna ndoo iliyokosekana, kwa sababu hakukuwa na mstari wa kuikosa. Siku ikaisha. Siku ya pili ikafika saa nane, akaja mwanamke mmoja na kiatu kimoja mguuni, cha pili kiko kwa fundi, akagonga, akasukuma mlango. Kelele alizopiga nilidhani bomba limepasuka. Mlinzi alimbeba mgonjwa kwenye mkokoteni wa muuza mkaa hadi zahanati, pekupeku, anakimbia kama lori.

Alipona, ashukuriwe Mungu. Lakini tulipofungua daftari, lilisema siku zote mbili hizo fundi viatu amesalimia majirani sita.

Mama Pindo alimfuata Baba Funguo pale kwenye kigoda, futi yake ya kupimia imening'inia shingoni.

"Mzee, ondoa ratiba."

"Ratiba haina kosa, mama. Kosa ni kwamba upendo haujatosha. Nimeona tuongeze. Salamu zitakuwa tano."

"Mtu alikuwa anakufa hatua kumi kutoka hapo ulipokaa."

"Ndiyo maana nasema tano."

Toka siku hiyo nyumba ilichemka. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumfukuza mwenye nyumba kwenye nyumba yake, lakini mdomo haukupangiwa zamu. Kila asubuhi, saa mbili akifungua mlango na kutoa kigoda, alikuta mtu anamngoja na malalamiko, na akimaliza huyo anakuja mwingine. Alitusikiliza wote, akaandika, akasema suala lako litapelekwa kwenye kamati. Kisha akatikisa funguo, akafunga faili, na kamati ikaingia ndani kunywa chai.

Ilikuwa imebaki wiki moja miezi miwili itimie. Jumamosi, saa moja na nusu, nimekaa dirishani nachambua mchele, nikamwona binti anatoka kwa mlango wa uani wa baba yake. Viatu mkononi, funguo zote za baba yake zimekumbatiwa kifuani zisilie. Akafunga mlango ule kwa nje, akavuka uani kwa vidole, akaingia chumbani kwangu bila hodi.

"Shikamoo, Bibi. Nisamehe. Nakaa hapa mpaka saa sita."

"Marahaba. Baba yako yuko wapi?"

"Kwa kinyozi wa kona. Nimemwambia anyolewe kila kinachonyoleka na asiinuke mpaka nimfuate. Huku nyuma mlango umefungwa, mbele umefungwa. Kwa mtu wa nje, baba yangu ameanguka bafuni. Tuone."

Nikaelewa. Nikaweka ungo chini, nikainuka.

"Bibi unakwenda wapi?"

"Msalani."

"Bibi, umenijua nina meno ya utoto. Keti."

Nikaketi. Nimewadanganya mapolisi, waganga na waume wawili, lakini binti yule alinitazama kama anavyotazama kamba ya lifti. Akakaa kitandani kwangu, saa yake ameiweka juu ya goti. Akasema ikifika saa sita hakuna aliyegonga, mchana huohuo wanafungasha; gari ameshaliagiza. Nikatazama uani. Mwenye zamu ameshachota akaingia, hakuna mtu. Ratiba inafuatwa sawasawa, kila mtu ndani kwake, na nikaona kwa macho yangu masinki yanashushwa chumbani kwangu.

Saa mbili na dakika kumi, mlango wa Mama Pindo ukafunguka.

Alikuja na ndoo yake ya bluu, kavu. Akasimama mbele ya mlango wa Baba Funguo, akagonga mara tatu.

"Mzee, fungua. Sijaja kukusalimia, salamu zangu tano za leo ziko kwenye daftari. Nina gauni la watu linangoja maji na jana bomba lako lilinipa kijiko. Toka nikwambie usoni niliyowaambia wenzangu jana, maana wote wameyasifu." Akangoja. Akagonga tena. "Najua umo. Funguo nazisikia."

Kweli zililia, lakini ni kwenye mapaja ya binti kitandani kwangu. Binti akazibana kwa mikono miwili.

"Huyo amekuja kumjulia hali?" akaninong'oneza.

"Ndiyo," nikasema. "Ndivyo tunavyojuliana hali hapa."

Mama Pindo hakuondoka. Aligeuza ndoo akaikalia. Akatoka mlinzi, macho mekundu, taulo begani.

"Mzee," akauambia mlango, kwa sauti ya taratibu, "mimi sitaki ugomvi na mtu. Nataka kulala. Lakini siwezi kulala kabla sijakwambia kwamba wewe ni mtu wa ajabu. Wiki ya nne hii sijaoga kwa haki."

"Hafungui," akasema Mama Pindo.

"Anaogopa."

"Na aogope. Kaa."

Akaketi kwenye kizingiti. Maharusi wakaja wote wawili, mke mbele. Alikuwa na daftari kwapani, kwa sababu limeonyesha kwamba Alhamisi mumewe alimsalimia mpangaji wa chumba cha sita mara nne, na yeye alitaka ufafanuzi kutoka kwa mwenyekiti. Mume alisema sahihi zile aliweka mke mwenyewe. Mke akasema ndiyo, lakini kwa nini mkono wake mwenyewe ulielekea huko. Wakagonga kwa pamoja, huku wanabishana nani agonge.

Binti akatazama saa. "Watu wanne," akasema. "Haijafika saa tatu."

"Hao ni wachache," nikasema. "Siku nyingine huwa arobaini."

Wa tano akawa fundi viatu. Amekonda, shati linamvaa yeye. Alikuwa amekuja kuomba ukurasa ule unaosema alisalimia watu sita akiwa amezimia; alitaka kumwonyesha daktari, huenda ana ugonjwa mpya. Akasimama nyuma ya wenzake, akasikiliza wanavyomtukana mzee kupitia mlangoni, mmoja anashuka mwingine anapanda. Akatoa msumari mdomoni.

"Tangu lini mlango huu umefungwa?"

"Tangu asubuhi," akasema Mama Pindo. "Kajificha."

"Huwa anaufungua saa mbili."

"Leo kachoka kusemwa."

"Huyu?" akasema fundi viatu. "Huyu anachoka kusemwa?"

Nilisikia maji yanadondoka kwenye bomba.

"Mimi nililala hivihivi," akasema tena, polepole. "Nilikuwa nawasikia. Kila mtu alipita. Nilisikia hata sauti ya ndoo ya Bibi. Mdomo ndio haukufunguka."

Mama Pindo akainuka kutoka kwenye ndoo, akaweka sikio kwenye mlango. Uso wake ulibadilika, na mimi namfahamu mwanamke yule miaka kumi na moja, uso wake huwa haubadiliki kwa bei nafuu.

"Redio yake haisikiki," akasema. "Yule na vigae vyake vile."

Hapo ndipo nilipomtazama binti. Nilidhani atainuka awaambie. Hakuinuka. Alikuwa ameshika funguo, anatazama uani kama mtoto anayetazama sinema kwa mara ya kwanza.

Mlinzi akarudi nyuma hatua sita, akaupiga mlango kwa bega. Ule mlango ulikuwa wa mbao nzito, wa zamani. Ulipigwa mara tatu, ingawa nikiwasimulia watu wengine nasema kumi na mbili. Ukaingia ndani mzima na fremu yake. Bwana harusi akatoka mbio kwenda barabarani kutafuta gari la kumpeleka mzee hospitali. Mama Pindo akaingia wa kwanza, moja kwa moja hadi bafuni, tukasikia kitu kinaburuzika kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili.

"Hayumo," akaita kutoka kule. "Ila mimi nimo. Njooni mniinue."

Kumbe bwana harusi, katika kutafuta gari, akapita kwa kinyozi. Akamwona Baba Funguo amekaa kwenye kiti, kitambaa shingoni, ndevu za upande mmoja zimeshaondoka. Kijana wa watu alikuwa amepagawa.

"Mzee, kimbia nyumbani," akamwambia. "Umeanguka bafuni."

Na Baba Funguo akakimbia. Baadaye nilimuuliza kwa nini alikubali. Akasema hakuwa na funguo kiunoni, kwa hiyo hakuwa na hakika na jambo lolote. Alifika uani kitambaa kinapepea, upande mmoja wa uso mzee, upande mwingine kijana, akakuta mlango wake umelala chini, sebule imejaa wapangaji, na Mama Pindo anatolewa bafuni amebebwa makwapa.

"Nimekufa?" akauliza.

"Ungekufa ningekuwa nimepata maji," akasema Mama Pindo. Lakini alikuwa amemshika mkono wa shati na hakuuachia.

Binti akatoka chumbani kwangu. Wote wakamtazama, kisha wakanitazama mimi. Nikaanza kuokota punje za mchele.

"Saa tatu na dakika ishirini," binti akasema. "Nilikupa mpaka saa sita, Baba."

Baba Funguo alihitaji muda kidogo kuelewa. Alipoelewa, alivuta pumzi, akatafuta faili lake kwa macho, akanyoosha kidole juu.

"Umeona. Ratiba. Daftari. Kamati imefanya kazi."

"Kamati gani," akasema Mama Pindo. "Sisi tulikuja kukutukana."

"Wote?"

"Wote. Mwulize binti yako, alikuwa anasikiliza."

Akamtazama binti. Binti akaitikia kwa kichwa. Na mzee yule, niliyemwona akizika mke bila kuinama, akakaa juu ya mlango wake ulioanguka. Akasema alidhani tunamjia asubuhi kwa sababu tumeanza kumzoea. Alikuwa anawahi kuamka. Alikuwa anachemsha chai ya akiba, ila kila mtu alikuwa amekasirika kiasi kwamba hakuona pa kuiingizia.

Mlinzi alikuwa anajipapasa bega. Binti akachuchumaa mbele ya baba yake, vilevile alivyochuchumaa mbele ya vigae.

"Baba, nimekaa kwenye jengo langu miaka tisa. Hakuna jirani aliyewahi kunigongea, hata kwa kukosea mlango. Sitaki kujua wamekujia nini. Wamekuja watano, na wamevunja mlango. Wewe unabaki."

Kisha akaagiza. Vigae vinang'olewa wiki hii. Ratiba iondoke leo. Daftari akapewa Mama Pindo, naye akalichana pale pale kuwa vipande vya kukatia mitindo ya kola. Fundi viatu aliruhusiwa kuchukua ukurasa wake kwanza. Mlango waliurudisha mlinzi na fundi viatu kwa misumari ya visigino, na hadi leo ukiufunga unalia kama kiatu kipya.

Jumapili ndoo zikarudi kwenye mstari, na Mama Pindo akamwambia bibi harusi maneno ambayo pia sitayarudia. Mambo yakawa mazuri. Mazuri mno. Baba Funguo akafungua mlango saa mbili, akatoa kigoda, akangoja. Hakuja mtu. Jumatatu hakuja mtu. Tulikuwa na maji, tulikuwa na foleni, tungemwendea kwa lipi? Jumanne nilimwona anahamisha kigoda kutoka kulia kwenda kushoto, halafu kukirudisha. Redio aliizima, nadhani ili asikose hodi. Saa nne akaingia ndani.

Jumatano asubuhi tukakuta karatasi ukutani. Mama Pindo akatusomea. Ilisema kwamba, kwa amri ya mwenye nyumba, ni marufuku kuanika nguo yoyote yenye mikono huku mikono ikielekea mlango wa mwenye nyumba.

Tulisimama pale na ndoo zetu.

"Mikono ya mashati?" akauliza mlinzi.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Sasa mimi nikianika, mikono itaelekea wapi?"

"Ndiyo ukamuulize."

Mlinzi akakuna kichwa. Alikuwa ametoka kazini, anasinzia kwa miguu. "Nani anaanza?"

"Mimi nina gauni la watu mpaka saa tatu," akasema Mama Pindo. "Naweza kumkasirikia saa tatu na nusu."

"Sisi leo tumepatana," wakasema maharusi. "Labda kesho."

Basi nikawaambia nitaanza mimi, kwa kuwa sina kazi na miguu ninayo. Nikajifunga kanga vizuri, nikavuka uani. Mlango ulikuwa wazi. Baba Funguo amekaa wima, ndevu ameshasawazisha, faili magotini, na pembeni yake kuna birika na vikombe sita vimefunikwa na kitambaa.

"Karibu, Bibi," akasema. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kalamu. "Una malalamiko?"

Sikuwa nalo hata moja.

"Ninayo manne," nikasema, "na la kwanza ni refu. Sogeza birika hilo huku."